Uzi maalumu: maneno ya jukwaani, kutoka muswada hadi pazia

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Juzi tulikuwa mazoezini huku Temeke, tunaandaa Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein kuhusu vita vya Maji Maji. Nikamwambia dada anayeigiza Bibi Kitunda, "Rudi nyuma ya jukwaa." Akapita pembeni, akashuka ngazi, akaenda kukaa na wenzake kule wanakobadilishia nguo. Mimi nilitaka asogee hatua tatu tu kuelekea ukuta wa nyuma, abaki anaonekana. Alinisikia vizuri. Neno nililompa ndilo lilikuwa na njia mbili.

Tukasimamisha mazoezi, tukakaa chini kama saa nzima kukubaliana maneno. Saa ile imetusaidia kuliko mazoezi ya siku tatu, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Makundi mengi ya mtaani yana vipaji, lakini kila mmoja ana maneno yake kichwani na mwongozaji anaishia kupaza sauti mpaka koo linakauka.

Nianze na jukwaa lenyewe. Sisi sasa tunasema hivi: "mbele" ni ukingo ulio karibu na watazamaji. "Kina" ni upande wa mbali nao, bado uko jukwaani na unaonekana. "Nyuma ya pazia" ni nje kabisa, kusikoonekana. Hilo la "kina" ni letu la Temeke, msilitafute kwenye kamusi kwa maana hiyo. Waingereza wao husema kwenda juu na kushuka chini, kwa sababu majukwaa yao ya zamani yalijengwa yakiwa yameinama: ukiwapa mgongo watazamaji unapanda kweli, ukiwakaribia unateremka. Kumwambia mtoto wa Mbagala apande juu wakati sakafu ni sawa kama meza ni kumchanganya bure.

Kulia na kushoto ni kwa mwigizaji aliyewageukia watazamaji. Mwongozaji aliyekaa kwenye viti anaona kinyume chake. Hili lisipowekwa wazi siku ya kwanza, mtagongana hadi siku ya onyesho.

Halafu kuna watu watatu ambao tunawachanganya kila siku. Mhusika ni yule aliyeandikwa kwenye muswada: Kinjeketile, Kitunda, Bibi Kitunda. Mwigizaji ni wewe mwenye mwili na pumzi zako. Fanani ni neno pana zaidi, ni msanii yeyote anayetenda mbele ya watu, awe mtambaji wa hadithi, manju wa ngoma au malenga. Kiswahili cha Tanzania kina msemo ninaoupenda kuliko istilahi yoyote ya darasani: kuvaa uhusika. "Yule dada ameuvaa uhusika." Uhusika unavaliwa kama nguo, na nguo ikikupwaya kila mtu anaona. Na ukimaliza kazi unauvua. Nimeona vijana wanaondoka na hasira ya mhusika wao hadi kwenye daladala. Wamevaa, hawajavua.

Lenyewe neno "kuigiza" litazameni vizuri. Linatokana na kuiga. Mtoto anamwiga baba yake anavyotembea, basi, amenakili mwendo. Kuigiza kuna mwenzake anayetazama, na kuna sababu ya kufanya hivyo. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao cha 1976, Fasihi na Sanaa za Maonyesho, waliweka mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Ondoa moja, sanaa ya maonyesho haipo tena. Mimi huwauliza vijana maswali manne hayohayo kabla ya kila onyesho. Unatenda nini? Wewe ni nani? Uko wapi? Nani anakuona?

Karibuni muongeze. Nitarudi usiku na maneno ya mazoezini.

---

Mzee wa Lokesheni

Mkuu, hongera kwa uzi. Mimi nipo upande wa filamu, nimebeba taa na maiki kwa miaka mingi. Huku kwetu maneno ni mengine kabisa. Mahali pa kurekodia ni lokesheni. Kipande kimoja cha hadithi ni sini. "Leo tunapiga sini tano." Mhusika mkuu ni steringi, na hilo halijatoka kwenye kitabu chochote. Limezaliwa kwenye vibanda vya video, watu waliposikia neno la Kiingereza linalotangulia majina ya waigizaji wakubwa, wakalifanya kuwa cheo cha shujaa. Mpaka leo mtaani sheria ni moja: steringi hafi.

Ninachotaka kuwaambia vijana wanaotoka jukwaani kuja kwenye kamera ni hiki. Jukwaani sauti yako inamtafuta aliyekaa kiti cha mwisho. Kwenye kamera, kiti cha mwisho kipo sentimita hamsini kutoka usoni kwako. Ukija na uso uleule wa jukwaani tutasema "umezidisha". Hatukutukani. Tunakwambia mtazamaji amesogea.

Na jingine, sini hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Asubuhi unalia msiba wa mumeo, mchana unaolewa naye. Kwa hiyo neno muhimu kuliko yote huku ni mwendelezo: shati lilelile, jasho lilelile, kidonda kipo mkono uleule. Jukwaani mwendelezo unajilinda wenyewe kwa sababu saa haisimami. Kwetu lazima awepo mtu na daftari.

---

Bint Mvita

Asalaam aleikum. Nashukuru kwa uzi mzuri, kaka.

Hamjagusa neno maleba. Shuleni watoto wanafundishwa kuwa maleba ni mavazi ya waigizaji, wanaandika hivyo kwenye mtihani, wanapata alama, basi. Mimi neno hili nililisikia kwa bibi yangu kabla sijalisoma popote, na kwake lilikuwa la ngoma na la uganga. Maleba ni vyote anavyojipamba navyo mchezaji au mganga akabadilika machoni pa watu: kitambaa, njuga, manyoya, usinga mkononi. Nguo ya kawaida inasitiri mwili. Maleba yanatangaza kuwa huyu aliyesimama hapa kwa sasa si yule jirani yenu.

Ndiyo maana naumia nikiona kundi linaandika "maleba: fulana na suruali" kwa sababu hawakupata muda wa kufikiri. Hata fulana inaweza kuwa maleba, ikiwa imechaguliwa. Imechakaa kiasi gani? Ilikuwa ya nani kabla? Imepasuka wapi?

Na kikaragosi, mnalijua lilikotoka? Tunalitumia kwa mwanasesere wa kuchezeshwa, na kwenye siasa kwa mtu anayeendeshwa na wengine. Asili yake ni Karagöz, mchezo wa vivuli wa Waturuki. Huchongwa watu wa ngozi ya ngamia, wakachezeshwa nyuma ya kitambaa cheupe chenye taa, na mhusika wake maarufu ndiye Karagöz, maana yake "jicho jeusi". Dola ya Uthmaniyya iliusambaza hadi Misri na Shamu, na kwetu pwani likafika jina. UNESCO iliuingiza mchezo huo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2009. Kila ukimwita mtu kikaragosi umetaja mhusika wa jukwaani.

---

Nipo Kidato

Shikamooni wote. Mimi ni mwanafunzi, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Naomba kuuliza maswali mawili kabla uzi haujaenda mbali.

1. Kitendo, tendo, sehemu, onyesho. Kipi kikubwa na kipi kidogo? Kila kitabu nikifungua naona tofauti.
2. Mwalimu anasema tamthiliya, nyumbani mama anasema tamthilia akimaanisha ile ya Kituruki ya saa moja jioni. Ni kitu kimoja?

---

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Marahaba mdogo wangu. Maswali yako yana uzito.

La kwanza: waandishi wetu hawajakubaliana, kwa hiyo usijione mjinga. Wapo wanaogawa kwa sehemu, ndani yake maonyesho. Wapo wanaosema tendo au kitendo, kisha onyesho. Wapo wenye maonyesho peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Njia salama ni kuangalia kitabu chenyewe: kile chenye vingine ndani yake ndicho kikubwa. Kwa kazi ya jukwaani jiulize tu, mahali au muda umebadilika? Kama ndiyo, kwa kawaida umeingia onyesho jingine. Mkasa wote ukichukua mwelekeo mpya, mara nyingi hapo ndipo kinapofunguka kipande kile kikubwa. Utata mwingine ni kwamba "onyesho" pia ni tukio zima ambalo watu wamekata tiketi. "Tuna onyesho Jumamosi." Sentensi ndiyo itakayokuonyesha.

La pili: ni neno moja lenye nyumba mbili. Limetoka Kiarabu, tamthiliyya, mchezo wa kuigiza. Kenya wamezoea kuandika tamthilia, Tanzania vitabu vingi vinaandika tamthiliya. Kwa miaka mingi liliishi shuleni tu, likimaanisha mchezo ulioandikwa. Ilipokuja michezo ya mfululizo ya Kifilipino, Kikorea na Kituruki kwenye luninga, watu walihitaji jina, wakalichukua hilo. Mama yako hajakosea. Kabla ya hapo, wakati wa redio, kulikuwa na "mchezo wa redio". Twende na Wakati ya Radio Tanzania ilipoanza mwaka 1993, sikumbuki nyumbani kwetu mtu akiita tamthiliya. Ulikuwa mchezo wa redio, na jirani alikuja na kigoda chake.

Kwa hiyo: tamthiliya ni maandishi, au mfululizo wa luninga. Mchezo wa kuigiza au igizo ni kile kinachotendwa. Sanaa za maonyesho ni mwavuli unaofunika hayo pamoja na ngoma, majigambo, utambaji na mengine. Mtihanini fuata mwalimu wako.

---

Mwalimu wa Drama

Salamu kutoka Kakamega. Nimekuwa nikiwafunza wanafunzi kwa ajili ya tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, lile lililoanza mwaka 1959. Acha niongeze ya huku kwetu.

Anayeongoza mchezo tunamwita mwelekezi au mwongozaji. Mhusika anapobaki peke yake jukwaani akazungumza na moyo wake, hiyo tunaiita uzungumzi nafsia. Kubuni maneno papo hapo bila muswada ni kufaragua, na sanaa hiyo ni ufaraguzi. Neno hili lina maana sana kwangu. Wengi hudhani anayefaragua ni mtu aliyesahau mistari akajiokoa. La. Mtambaji wa hadithi alifaragua kila usiku kwa makusudi. Alimwona nani amesinzia, nani amefiwa juzi, akaipinda hadithi ile ile iwafae.

Kilio changu kikubwa ni maelekezo ya jukwaani. Nina wanafunzi wanaoweza kukutajia maudhui kumi ya tamthilia ya Kigogo, lakini yale maneno yaliyo kwenye mabano hawayasomi. Wakiyasoma, wanayasoma kwa sauti kana kwamba mhusika ndiye anayeyasema! Siku moja nilimsikiliza msichana akisoma mazungumzo ya Sudi kule sokoni Chapakazi, haraka kama anayesoma gazeti. Nikamuuliza, "Sudi anafanya nini kwa mikono yake?" Hakujua. Sudi ni mchongaji wa vinyago. Mtu anayechonga hazungumzi kama aliyeketi bure. Anasita, anapuliza vumbi, anageuza mti mkononi, ndipo anajibu. Nikampa kipande cha ubao na kijiko, akasoma tena. Hakuna aliyehitaji kumweleza kituo kiko wapi.

Ndiyo sababu mwaka wowote ambao tamthilia inatahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari huku Kenya, mimi hufurahi makundi ya waigizaji yanapozuru shule kuigiza kitabu teule. Mwanafunzi huona mabano yakipata miguu.

---

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Mwalimu, hilo la kipande cha ubao nimelichukua, naanza nalo kesho.

Sasa nirudi kwenye maneno mawili yanayonikera yakitumiwa ovyo: tanzia na ramsa.

Darasani tunaambiwa tanzia ni mchezo unaoishia kwa huzuni au kifo, na ramsa ni wa kufurahisha. Halafu kuna tanzia-ramsa inayochanganya, na futuhi ambayo ni kichekesho kitupu. Sawa. Lakini kabla mwanafunzi hajafika darasani, tanzia amelisikia wapi? Kwenye tangazo la msiba. Hata humu ndani uzi wa kifo huanza na neno hilo kwa herufi kubwa. Asili yake ni neno la Kiarabu taaziya, yaani kumliwaza aliyefiwa, kumpa pole, kukaa naye.

Hilo linabadilisha kazi ya mwigizaji. Ukidhani tanzia ni kifo tu, utatumia nguvu zako zote kufa vizuri. Nimeona vijana wanagaragara dakika tano. Ukijua kuwa ndani ya neno mna kuliwazana, utauliza: hawa watu walioketi pale, nawasindikizaje? Wataondoka na nini? Aristotle aliandika kwamba mchezo wa namna hiyo huamsha huruma na hofu kisha ukaviosha. Wazee wetu hawakuhitaji kumsoma. Walijua kwa nini matanga hukaliwa siku kadhaa na hayakaliwi na mtu mmoja.

Na kule Iran neno hilohilo ni jina la mchezo wenyewe. Taazie ni maigizo ya mauaji ya Hussein pale Karbala, yanaigizwa na watu wa kawaida, na watazamaji hulia kweli kwa sababu wanaoombolezwa ni watu wao. UNESCO iliyaorodhesha mwaka 2010. Kwa hiyo mtu akisema "tanzia" ni istilahi ya kubandika tu, si kweli. Limefanya kazi ya jukwaani kwa muda mrefu, kwa majirani zetu.

Upande wa ramsa nasema moja tu. Kuchekesha ni kazi ya usahihi. Marehemu King Majuto, aliyetutoka mwaka 2018, alikuwa anaweza kunyamaza na kumtazama mwenzake mpaka ukumbi ukacheka kabla hajasema kitu. Kile kimya kilikuwa na urefu wake. Angekipunguza, kicheko kisingekuja.

---

Bint Mvita

Umesema kimya, umenigusa. Wanaouliza Kiswahili cha "maana iliyo chini ya maneno" waje Mombasa. Wataalamu wana istilahi zao, lakini mwanamke wa pwani alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa leso, yaani kanga. Anapita mbele ya mlango wa jirani, amejifunga leso yenye maneno fulani, salamu anatoa kwa adabu zote, "Masalkheri, habari za tangu jana?" Midomo inasema salamu, nguo inasema jingine, na aliyeambiwa ameshajua. Ukimfundisha mwigizaji, mwambie hivyo: mstari ni ile salamu. Wewe umejifunga leso gani?

---

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Dada yangu, hiyo nitaiandika ukutani.

Nilisema nitaleta maneno ya mazoezini. Muswada ni maandishi yote. Mistari ni yako wewe. Kuijua kwa moyo sisi tunasema kumeza mistari, na mistari iliyomezwa lazima isagike, vinginevyo inatoka kama ilivyoingia. Yale maneno ya mwisho ya mwenzako ambayo ndiyo yanakuita wewe uingie au ujibu, kwenye kundi letu tunayaita mkia. "Ushike mkia wa Kitunda." Najua wapo wanaosema ishara au kidokezo. Mkia umetufaa kwa sababu kijana anaelewa mara moja: mkia ukikuponyoka, mnyama amekwenda. Na ukiushika mapema umemkatiza mwenzio.

Mkumbushaji anakaa pembeni na muswada, anakurushia neno ukikwama. Mpeni heshima. Mienendo ni ramani ya nani anasimama wapi na anahama lini. Iandikwe kwa penseli, itabadilika. Vifaa ni vile vya kushikwa mkononi, mandhari ni vile vinavyoonyesha tupo wapi. Mazoezi na maleba ni yale ya mwisho, mnapopita mchezo wote na mavazi na taa bila kusimama hata kitu kikianguka.

Kuna mkufunzi mgeni alikuja kwetu zamani kidogo, mtu mwema, akatafsiri neno la waigizaji wa kwao la kutakiana heri kabla ya onyesho. Akawaambia vijana wavunje mguu. Mama wa mmoja wao alikuwa amesimama hapo. Alimchukua mwanawe mkono wakaondoka, na ilibidi tumfuate nyumbani kumwomba radhi. Sisi tunashikana mikono, mkubwa wetu anaomba dua, tunasema "kila la heri", tunaingia.

Lililobaki ni kubwa kwangu: hadhira. Watazamaji wanatazama. Hadhira imehudhuria, mzizi ni uleule wa kuhudhuria, kuwapo. Diderot, Mfaransa, aliwashauri waigizaji mwaka 1758 wajifanye kuna ukuta mkubwa ukingoni mwa jukwaa unaowatenga na watu. Kutoka hapo tukapata istilahi ya ukuta wa nne. Kwa michezo ya sebuleni ni wazo zuri, linampa mwigizaji utulivu. Lakini nani aliwahi kujenga ukuta kwenye hadithi ya bibi? "Paukwa!" Usipojibu "Pakawa!" bibi haendelei. Penina Muhando alilijua hilo. Katika Nguzo Mama yupo Bi Msimulizi anayetuunganisha na wale wanawake wanaohangaika kuisimamisha nguzo. Ukimwigiza Bi Msimulizi huku unatazama dari kama watu hawapo, umeivunja nguzo nyingine.

Ndio maana wale walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama (ndiye huyohuyo Penina Muhando) na Amandina Lihamba, walipokwenda vijijini miaka ya 1980 na sanaa za maonyesho kwa maendeleo, kama kule Malya mkoani Mwanza, hawakubeba mchezo uliokamilika. Wanakijiji walichambua shida zao, wakaigiza wenyewe, kisha wakakaa kujadili. Neno "mtazamaji" halikuwatosha watu wale.

---

Mzee wa Lokesheni

Nakubali, ila niulize kwa nia njema. Tukiwa na maneno yetu haya yote, kijana akienda kufanya kazi na kundi la nje si ataonekana hajui?

---

Mwalimu wa Drama

Atajifunza yao kwa wiki moja. Kilicho kigumu ni kujua kitu chenyewe. Mwaka 2012 kundi kutoka Kenya lilikwenda kuigiza kwenye ukumbi wa Globe, London, The Merry Wives of Windsor ya Shakespeare kwa Kiswahili, mbele ya watu ambao wengi hawakuwa na neno hata moja la lugha yetu. Kiswahili hakikuwa kizuizi. Walichohitaji ni mwili, muda na sauti.

Na tazama jinsi neno linavyoamua mchezo. Mwalimu Nyerere alipotafsiri The Merchant of Venice mwaka 1969, angeweza kusema wafanyabiashara. Akasema Mabepari wa Venisi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mwigizaji aliyepewa jina la mfanyabiashara atasimama vingine na aliyeitwa bepari. Neno moja limeshamwelekeza kabla mwelekezi hajafika.

---

Nipo Kidato

Nashukuru sana walimu wangu. Jana tulijaribu darasani onyesho la mwisho la Kinjeketile, gerezani, pale Kitunda anapomsihi Kinjeketile ayakane maji yake ya kinga. Niliigiza Kitunda. Mara ya kwanza tulisoma haraka, wenzetu wakawa wanapiga soga. Mara ya pili nikakumbuka leso ya Bint Mvita. Nikajiuliza, Kitunda anasema "kana", lakini amejifunga maneno gani? Nikaona ni "nakuomba uishi". Nilishindwa kumtazama rafiki yangu usoni.

Swali langu la mwisho: mwalimu wetu amesema nijiulize "ningekuwa mimi Kitunda ningefanya nini", akasema ni ya Mrusi mmoja. Ni sahihi?

---

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Ni sahihi. Ni Stanislavski, mmoja wa waanzilishi wa ukumbi wa sanaa wa Moscow mwaka 1898. Aliijenga njia yake juu ya neno dogo la "kama". Hakutaka mwigizaji ajidanganye kuwa yeye ndiye mhusika. Alitaka ajiulize angetenda nini kama angekuwa katika hali ile. Wewe una bahati, lugha yako imeliweka swali ndani ya kitenzi chenyewe. Ni-nge-kuwa, ni-nge-fanya. Hiyo -nge- inakuingiza kwenye hali isiyo yako huku ikikukumbusha kuwa si yako. Watoto wanacheza baba na mama kwa namna hiyo: "Wewe ungekuwa baba, mimi ningekuwa mama, ungerudi kazini."

Sasa rudi kwenye lile onyesho na ujiulize upande wa pili. Umempata Kitunda. Rafiki yako anayeigiza Kinjeketile, yeye amejifunga leso gani? Anajua nini kitatokea kwa neno alilolitoa akilikana kesho asubuhi? Badilishaneni nafasi, wewe uwe Kinjeketile mara mbili tatu, kisha mrudi.

Sisi mazoezi na maleba ni Jumamosi saa nane mchana. Dada wa Bibi Kitunda sasa anakwenda kina na kurudi mbele bila kuambiwa. Jana aliniuliza kwa nini asimame kina wakati anataja njaa ya watoto, si angesogea watu wamwone? Sikuwa na jibu zuri. Tutajaribu kote kuwili.